Tundu Lisemalo Tisini na Nne

Tusajigwe alisimama mbele ya ubao wa vipimo, akakitazama kipimo cha usafi, akasema kwa sauti kama kanuni ya kiwanda inavyotaka: "Tisini na nne."

Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta leso, akakuta kipimo cha usafi.

Alikitoa akakigeuza. Ni chenyewe. Kioo cha mviringo, waya mbili zinaning'inia nyuma kama miguu ya panzi aliyekufa. Asubuhi alikifungua mwenyewe kwa bisibisi yake ili akisafishe, mara akaitwa getini, akakitia mfukoni, akakisahau. Sasa ulikuwa mchana, na tangu asubuhi alikuwa ameshapita hapa na kusoma kila alipotakiwa kusoma.

Alinyanyua macho. Ubaoni kipimo kilikuwepo, kinawaka, kinasema tisini na nne. Akatazama mkononi. Kilikuwepo vilevile, kimezimika, hakisemi kitu.

Alipeleka kidole ukutani polepole, kama mtu anayepima pasi kama imepata moto. Kidole kikaingia. Kikaingia mpaka pingili ya pili, kikagusa vumbi na ncha ya waya, na bado macho yake yakawa yanamwonyesha namba imeelea pale pale, juu ya kidole chake.

Akauchomoa mkono kama aliyeumwa na kitu.

Hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alivua aproni, akavua glovu na kofia ngumu, akatoka nje kwenye baridi ya Lyamboko, akatembea mpaka uzio wa miti ya mikaratusi, akajilazimisha kuwaza mambo ya nyumbani: bati linalovuja, kuku wa mama yake. Halafu akarudi ndani kama mgeni aliyekuja kuulizia choo. Akapitisha macho ubaoni bila nia ya kazi yoyote.

Palikuwa na tundu. Tundu jeusi, duara, lenye utando wa buibui pembeni.

Akavaa glovu tena, akagonga bomba mara mbili kwa kifundo cha kidole kama alivyozoea kabla ya kazi, akatazama. Tisini na nne.

Alikaa chini sakafuni.

Kiwanda kile kilikuwa kinatengeneza hewa ya hospitali. Kazi yenyewe si uchawi. Mashine inavuta hewa ya kawaida, inaisukuma kwenye mapipa yaliyojaa chembe za mawe, zile chembe zinanasa naitrojeni, kinachobaki ni oksijeni, inajazwa kwenye mitungi, ndege ndogo zisizo na rubani zinabeba mitungi kupeleka hospitali ya mkoa na zahanati za milimani. Chembe zikichoka hazinasi vizuri, usafi unashuka. Macho hayawezi kuona hilo, wala pua haiwezi kunusa. Kinachojua ni kipimo peke yake, na anayekisoma kipimo ni mhandisi wa zamu.

Na mhandisi wa zamu alikuwa anasoma ukuta.

*

"Bosi, mbona umekaa chini kama umefiwa?"

Alikuwa Ambakisye, mwenzake wa zamu, mtu mrefu wa utani mwingi, amebeba chupa ya chai. Naye, kama Tusajigwe, alitoka Chuo Kikuu cha Mkondo, miaka miwili nyuma yake, na naye alikuwa amepandikizwa.

"Nisomee usafi," Tusajigwe alisema.

"Wewe macho yako yamekwenda wapi?"

"Nisomee tu."

Ambakisye aligonga bomba mara mbili kwa kifundo, akainamisha kichwa kidogo kushoto kusikiliza mashine, akatazama ubao. "Tisini na nne. Kama jana, kama juzi. Kiwanda chako kizuri, kunywa chai."

Tusajigwe alifungua kiganja. Ambakisye aliangalia kile kipimo, akacheka, akaangalia ubao, akaacha kucheka.

"Umenunua kingine?"

"Weka kidole."

"Sitaki."

"Ambakisye, weka kidole."

Aliweka. Kikaingia. Rangi ikamtoka usoni.

Kuna watu leo hawakumbuki ilivyokuwa kabla ya kupandikiza, kwa hiyo lisemwe. Vyuo vya umma vilikuwa vinatoa wahandisi kama mvua. Ukumbi wa watu mia tatu unaingia mia tisa, waliobaki wanasikiliza madirishani. Mashine moja ya mazoezi kwa kitivo kizima. Vijana walikuwa wanadesa, maana yake wanakariri karatasi za waliowatangulia, wanazitapika kwenye mtihani, wanavaa joho, wanapiga picha na bibi. Kisha wanazunguka na bahasha mjini mpaka soli zinaisha. Mwajiri anampa bisibisi, kijana anaigeuza kama anauliza inaliwa upande gani. Wakubwa walikaa vikao, wakaja wataalamu, likapatikana jibu: tafuteni mtu mmoja ambaye mikono yake inajua kazi. Mvisheni kofia, afanye kazi yake yote tangu mwanzo mpaka mwisho, kofia ichukue ujuzi wake. Huyo ndiye Shina. Kisha wavisheni wanafunzi kofia hiyo mwaka wao wa tatu, wakilala na kuamka wiki kadhaa, nao wataamka na mikono ya mtu wa miaka thelathini kazini.

Ikafanya kazi, asiseme mtu haikufanya. Waliopandikizwa waligombaniwa na waajiri kama maharusi. Wale ambao hawakupandikizwa, kwa kuwa wana kifafa, au walichelewa kujiandikisha, au dini zao zilikataa, waliitwa wabichi. Mbichi alikuwa na shahada ileile, saini ileile, na hakuna aliyemtaka hata kwa kufagia.

Shina la wahandisi wa hewa nchi nzima lilikuwa moja. Jina lake Laurenti Mgimba, mkufunzi wa maabara pale Mkondo. Ndiyo maana wahandisi wote wa hewa waligonga bomba mara mbili. Walikuwa wanagonga hata kikombe cha chai kabla ya kunywa, na wake zao waliwacheka.

"Tukirudishe mahali pake," Ambakisye alisema. "Basi. Kikiwepo tutakisoma."

"Tutajuaje kama tunakisoma?"

Walikirudisha. Kikawaka. Ambakisye akasema tisini na nne. Tusajigwe akasema tisini na nne. Akapiga picha kwa simu, akaitazama picha: tisini na nne. Akatoka na simu mpaka getini, kwenye banda la Mama Vaileti, muuza chai na vitumbua.

"Mama, nisomee namba hiyo, miwani nimeiacha."

"Wewe tangu lini una miwani?" Mama Vaileti alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika simu mbali na macho. "Themanini na moja. Nini hii, uzito wa nguruwe?"

"Soma tena, mama yangu."

"Nane, moja. Mimi nimeishia darasa la nne lakini nane naijua. Vitumbua vingapi?"

Tusajigwe alirudi ndani bila kitumbua. Alipomwambia Ambakisye, mwenzake alikwenda moja kwa moja stoo, akaanza kukokota magunia ya chembe mpya. Walifungua mapipa, wakazoa chembe za zamani zilizokuwa zimegeuka kijivu kama majivu ya mkaa, wakajaza mpya. Mikono yao ilifanya kazi hiyo vizuri ajabu, nati kwa nati, bila kutazamana, kama mikono ya mtu mmoja. Mashine ilipotulia, Tusajigwe alipiga picha nyingine akaipeleka getini.

"Tisini na nne," Mama Vaileti alisema. "Sasa ununue au uondoke, unanizibia wateja."

Ambakisye alipata habari hiyo akaketi juu ya gunia tupu, akashusha pumzi. "Basi. Yamekwisha. Mitungi mibovu tunairudisha kwa kisingizio cha vali, tunajaza upya. Kila siku mama wa vitumbua anatusomea picha. Nani atajua?"

"Na viwanda vingine?"

"Viwanda vingine vina wenyewe."

"Vina sisi, Ambakisye. Wote ni Mgimba. Kila ubao nchi hii anausoma Mgimba."

"Sikiliza, dada Tusa. Themanini na moja bado ni hewa. Si sumu. Mgonjwa akipata themanini na moja anapumua. Ukienda kusema, wanafunga viwanda vyote, mgonjwa anapata sifuri. Lipi bora?"

Hilo lilikuwa swali la kweli. Tusajigwe alikuwa nalo akilini tangu alipokaa sakafuni.

"Daktari anafungua hewa kwa kufuata namba yetu," alisema. "Tukimwambia themanini na moja, anaongeza. Tukimwambia tisini na nne, anaona mtoto anabadilika rangi na hewa ipo, basi anatafuta ugonjwa mwingine. Anatafuta mpaka mtoto anakwenda. Si hewa inayoua, ni namba." Kisha akamtazama. "Mkeo Semeni anajifungulia wapi?"

Ambakisye aliinuka kwenye gunia. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na ilikuwa inamsumbua.

"Hayo maneno si mazuri," alisema.

"Najua si mazuri."

"Wakitung'oa hiki kitu, unajua tunabaki na nini? Unajua? Mimi nitakuwa mtu mzima, nina shahada, nina mtoto, sijui hata kufungua bomba la mvua. Nitakaa na wabichi kijiweni. Na wao watanicheka, bosi. Watanicheka mpaka wateme mate."

"Nitakwenda kwanza kumwona Mwalimu Mgimba," Tusajigwe alisema. "Labda inarekebishika."

*

Laurenti Mgimba aliishi nyuma ya uzio wa chuo, kwenye nyumba ya matofali waliyomjengea kwa shukrani. Mlangoni palikuwa na bango la shaba: SHINA LA TAIFA. Mwenyewe alikuwa kibarazani amevaa koti la suti na kandambili, anatengeneza feni ya jirani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ni wangu?"

"Wako."

"Ningejua tu. Umegonga geti mara mbili." Alicheka kwa furaha ya mtu asiyetembelewa sana. "Kaa. Chai ipo."

Akamimina. Wote wawili wakagonga vikombe kwa kifundo, mara mbili, kwa pamoja, wakanywa. Tusajigwe alihisi nywele zinamsimama shingoni. Hakuwahi kuonana na mtu huyu maishani, na alijua kabla hajatenda kwamba atafuta mdomo kwa nyuma ya mkono wa kushoto. Mzee akafuta.

"Mwalimu, kile kipimo cha usafi cha maabara yako. Kilikuwa kinafanya kazi?"

"Kile cha kulia kwa mlango?" Mzee alirudi kwenye feni yake. "Kilikufa kabla wewe hujazaliwa. Niliandika kuomba kingine. Wakaniletea saa ya ukutani."

"Sasa mlikuwa mnafundishaje?"

"Tulikuwa tunachukulia. Nasema, jamani, chukulieni kinasema tisini na nne. Wanaandika tisini na nne, wanapiga hesabu zao, wanapata alama. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Watu mia nne wamesimama mbele yako, wazazi wameuza ng'ombe, mashine yenyewe inanguruma tu haitoi kitu. Uwaambie waende nyumbani?" Akamnyooshea bisibisi. "Lakini mkono niliwafundisha. Sema kama mkono sikuwafundisha."

"Mkono ulitufundisha, Mwalimu."

"Haya."

"Na siku walipokuja na kofia?"

Mzee alipuliza vumbi kwenye mota. "Nilimwambia mkuu wa kitivo, tengenezeni vipimo kwanza, ndipo mnichukue. Akasema bajeti haijatoka, wageni wameshafika, waziri yuko njiani. Mwalimu, wewe fanya kama kila siku. Nikafanya kama kila siku."

"Tunasoma ukuta, Mwalimu. Nilikitoa kipimo nikakitia mfukoni, nikasoma ukuta, na ukuta ukaniambia tisini na nne. Kipimo chenyewe kilikuwa themanini na moja."

Bisibisi ilisimama. Mzee hakumtazama. Kwa muda mrefu alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe ulioshika ile bisibisi, kama mtu aliyeletewa mtoto wa nje akaambiwa ni wake, na sura inafanana.

"Nilisema *chukulieni*," alisema taratibu. "Kila siku nilisema. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba kinafanya kazi. Ile kofia yao imechukua tisini na nne, ikaacha chukulieni. Hilo nalo ni langu?"

Tusajigwe aliweka kikombe chini.

"Na mwanafunzi akikuletea jibu jingine?"

"Jibu gani jingine? Wote waliandika lile. Nilifika mahali sisomi tena. Naiona karatasi, naona tisini na nne, natia vema. Kuna mmoja alikuwa mkaidi, aliandika 'sijui, kipimo hakiwaki'. Nikamtia vema. Akarudi kunionyesha, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao." Alijaribu kucheka hata sasa, kicheko hakikutoka. "Nakwambia niliitazama ile karatasi, nikaona tisini na nne. Kwa macho haya."

"Inarekebishika?"

"Nilishawauliza, kwa jambo jingine dogo. Hairekebishiki. Inang'olewa yote au inabaki yote." Ndipo akamtazama. "Wakiwang'oa mtabaki na nini?"

"Na mwaka wa kwanza. Nilikuwa nasikiliza dirishani."

Mzee aliifunga feni, akaichomeka. Ikazunguka vizuri, bila mlio. Aliizima.

"Umekuja kuniomba ruhusa au umekuja kuniaga?"

"Sijajua, Mwalimu."

Alipolitamka neno hilo, mzee alikunja uso, akamtegea sikio.

"Umesema ngapi?" aliuliza.

*

Kila Jumatatu asubuhi Bodi ya Hewa Tiba hupiga simu viwandani kuchukua usafi wa wiki. Kanuni ni fupi na kila mhandisi anaijua. Kituo kikitaja namba, kinaendelea. Kituo kikisema hakijui, mlolongo unaanza wenyewe na hakuna mkubwa wa kuusimamisha: kituo kinafungwa kwa mbali, akiba ya Bodi inapelekwa hospitali zake, na wahandisi wote wa shina lile, popote walipo, wanasimamishwa mpaka wapimwe mmoja mmoja. Kanuni hiyo ilitungwa na watu waangalifu. Haikuwahi kutumika. Tangu kupandikiza kuanze, hakuna kituo kilichowahi kusema hakijui.

Akiba ya Bodi ingetosha mkoa mmoja vizuri. Nchi nzima ingetosha kwa kubana, kwa siku chache, na wale wa mbali wangekosa kwanza. Tusajigwe alilijua hilo pia. Jumapili nzima yeye na Ambakisye walijaza mitungi mpaka mikono ikafa ganzi, mingi kuliko walivyowahi kujaza, na Mama Vaileti alisoma picha ya kila mtungi, akilalamika kuwa wamemkosesha ibada. Mitungi hiyo ilikuwa imesharuka usiku kwenda hospitali ya mkoa na zahanati zote ambazo ndege zingeweza kuzifikia. Kwa walio mbali zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya, na hakujidanganya kwamba analo.

Simu ililia. Ambakisye alikuwa amesimama karibu nayo. Aliiwekea mkono juu.

"Wiki hii ni tisini na nne kweli," alisema. "Tangu juzi ni kweli. Huwezi hata kusema ni uongo."

"Na siku za kabla?"

"Tusa."

"Na Jumatano ilikuwa ngapi, Ambakisye? Wiki iliyopita? Mwezi uliopita? Kama unajua niambie, nitasema hivyo hivyo ulivyoniambia."

Simu iliendelea kulia. Ambakisye alifungua mdomo, na Tusajigwe akaona midomo yake inaanza kuitengeneza ile namba yenyewe, bila ya yeye kutaka, kama kikohozi. Ambakisye naye alihisi. Akaufumba mdomo kwa nguvu. Akauondoa mkono juu ya simu, akaenda kusimama dirishani, akampa mgongo.

Tusajigwe aliipokea.

"Lyamboko, habari za asubuhi," ilisema sauti ya mwanamume, changamfu. "Malekela wa Bodi hapa. Nipe usafi wa wiki, mhandisi, nina vituo vingi leo."

Ulimi wake ulikuwa umeshapanda kwenye tisini. Aliusikia umekaa tayari nyuma ya meno, mwepesi, mtamu, umezoea. Kulisema lile neno jingine ilikuwa kama kumeza jiwe kwa kurudi nyuma.

"Sijui," alisema.

Kwenye simu kulisikika kugonga: mara mbili, kifundo juu ya meza.

"Tisini na nne," Malekela alisema. "Safi sana. Nimeandika. Siku njema."

"Ngoja! Bwana Malekela, sikusema hivyo. Nimesema sijui."

"Ndiyo, nimekusikia. Tisini na nne."

"Hatujui usafi wetu. Kipimo kilikuwa mfukoni mwangu. Tulikuwa tunasoma tundu."

"Mhandisi, mbona unarudiarudia?" Sauti haikuwa na hila yoyote. Ilikuwa sauti ya mtu mwema mwenye kazi nyingi. "Tisini na nne, nimeandika, inaonekana hapa mbele yangu. Au laini yako mbaya?"

Ambakisye aligeuka dirishani. Alikuwa ameyasikia yote. Macho yake yalikuwa yamefanana na ya siku ile alipoweka kidole ukutani.

Tusajigwe alishika ukingo wa meza. Akawaza wale wote waliokaa kwenye viti vya Bodi, hodari, walioajiriwa kabla hata joho halijakauka jasho, wanapokea namba moja kutoka kwa watu wanaotaja namba moja. Angeweza kupiga kelele hapa mpaka jioni. Angeandika barua, wangeisoma, wangeona tisini na nne, wangetia vema.

"Bwana Malekela, naomba msaada mmoja tu. Hapo ofisini kwenu kuna mbichi yeyote?"

"Kuna nini?"

"Mbichi. Mtu ambaye hakupandikizwa."

Malekela alicheka. "Mbichi Bodi! Labda… hapana, yupo. Dada wa mapokezi. Ana shahada ya Mkondo hiyohiyo, lakini ile ya wabichi, maskini. Tulimwonea huruma, anapokea wageni. Wa nini?"

"Nina salamu zake kutoka nyumbani. Mpe simu, dakika moja."

"Haya, ila fanyeni haraka." Kisha, mbali na simu: "Zamoyoni! Njoo, ndugu zako."

Viatu vilisikika vinakuja sakafuni. Mtu akaishika simu. Tusajigwe alisikiliza. Hakuna kilichogongwa.

"Halo? Nani mwenzangu?"

"Dada Zamoyoni, hunijui, mimi naitwa Tusajigwe, mhandisi wa Lyamboko. Nakuomba ukae kwenye kiti cha Malekela. Fungua ukurasa wa kituo chetu, sehemu ya usafi. Kuna nini pale?"

"Kwani mimi naruhusiwa?"

"Wewe ulisomea kazi hii?"

Dada alisita. "Miaka minne," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Basi mimi nakuuliza. Kuna nini pale?"

Kiti kililia. Malekela alikuwa anauliza kitu kwa mbali, hajakasirika bado. "Pameandikwa tisini na nne," alisema Zamoyoni.

"Futa. Halafu nitakwambia neno moja, uliandike kama ulivyolisikia. Si vinginevyo."

"Sema."

Lilipanda kwa shida vilevile. Halikuwa limekuwa jepesi hata kidogo.

"Sijui."

Tusajigwe alifumba macho. Akasikia vidole vya mtu vikibonyeza herufi, vichache, kimoja kimoja, bila kukimbia.

"Nimeandika 'sijui'," Zamoyoni alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Dada, imetoka rangi nyekundu. Inaniuliza kama nina hakika, na inataka jina la mhandisi."

"Andika Tusajigwe Mwambene."

"Na Ambakisye Mwasomola," alisema Ambakisye kwa nguvu ili sauti ifike kwenye simu. Alikuwa amekuja kusimama karibu na meza.

"Nimeyaandika yote mawili. Nibonyeze?"

Tusajigwe aliitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa imetulia, mizuri, ina alama za grisi kwenye mistari. Ilijua kila nati ya kiwanda kile. Aliitazama kama anavyotazamwa mtu anayepanda gari.

"Bonyeza."

Kwanza ilizimika mashine ya kuvuta hewa, ikashuka sauti taratibu mpaka ikakoma. Kisha vali zikaanza kujifunga zenyewe, moja baada ya nyingine, kutoka mwisho wa jengo kuja kwao, kila moja na kishindo chake. Ya mwisho ilikuwa juu ya ubao wa vipimo. Ukimya ukajaa. Nje, Mama Vaileti alisikika anauliza kwa sauti kama umeme umekatika.

Ambakisye aliinua chupa ya chai, akamimina vikombe viwili. Kifundo chake kilikwenda chenyewe kwenye kikombe, kikasimama hewani kabla ya kugonga.

Akaushusha mkono, akanywa.